Chumvi barabarani wakati wa theluji: inatuokoa au inatumaliza?

MwanaTemeke_Minneapolis
Wakuu, nauliza kwa moyo safi. Jana nimetoka zamu saa tano usiku, theluji inashuka, gari la manispaa likapita mbele yangu likimwaga chumvi na mchanga kama mtu analisha kuku. Leo asubuhi njia inateleza vilevile, kipimo kinasoma 18 chini ya sifuri. Na watu wa mazingira wa jimbo letu la Minnesota wanasema kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuharibu galoni 5 za maji, na ikishaingia ziwani haitoki. Sasa hii kitu inapunguza ajali kweli, au tunamwagiwa tu tuone serikali ipo kazini?

DerevaWaMasafa
Mkuu, chumvi haina kosa, kosa ni hiyo baridi. Chumvi ya mawe inafanya kazi vizuri mpaka kama 9 chini ya sifuri, ikipita hapo inalala. Kwenye 18 wanatakiwa wamwage kloridi ya kalsiamu, chumvi ya aina nyingine inayoyeyusha hata kwenye baridi kali, au mchanga mtupu. Mchanga hauyeyushi chochote, kazi yake ni tairi ipate pa kushika. Naendesha lori mwaka wa tisa huu. Siku chumvi ikichelewa, magari mtaroni nahesabu mpaka nachoka. Kuna utafiti wa chuo cha Marquette, 1992 kama sikosei, walikuta ajali zinashuka asilimia 80 na kitu baada ya kumwaga. Asiyetaka chumvi akae nyumbani aendeshe kitanda.

DadaWaOulu
Asilimia 80? Kaka, hapo wewe ndiye umetia chumvi.

DerevaWaMasafa
Dada, leta namba zako basi. Kucheka kila mtu anaweza.

DadaWaOulu
Sina namba, nina macho. Huku kaskazini mwa Finland njia nyingi theluji inashindiliwa tu, tunapita juu yake, kwenye kona wanatupia vikokoto. Tunafunga matairi ya misumari, yenye vichuma vidogo vya kung'ata barafu. Ajali yenyewe ni mtu anayezunguka na matairi yaleyale mwaka mzima halafu anailaumu barabara. Quebec, kule Kanada, sheria inakulazimisha kufunga matairi ya baridi toka 1 Desemba mpaka 15 Machi. Minnesota misumari yenyewe wenyeji wamekatazwa.

MamaPacha
Mtu gani huyo unayemsema? Matairi manne ya baridi fundi kaniambia dola 800. Nalea mapacha, usiku nasafisha ofisi. Watoto wangu hawali raba. Mimi chumvi ndiyo tairi langu la baridi, na nailipia kwenye kodi. Ukiwa na serikali ya kukubembeleza kila kitu ni rahisi kuwahubiria wenzio.

DadaWaOulu
Sikukutaja, mama. Ila umejitokeza mwenyewe.

MamaPacha
Na nitajitokeza tena.

Kamau_Calgary
Wadau, tulieni. Huku baridi ikifika 30 wanamwaga changarawe, na kioo changu cha mbele kimepasuka mara mbili msimu mmoja, lori likikupita ni kama umerushiwa mawe. Kwa hivyo msidhani changarawe ni ya bure. Lakini afadhali kioo, kinabadilishwa. Chumvi inakula gari kutoka chini polepole, na hayo ndiyo magari watu hupakia kwenye meli wakituma nyumbani wakisema "haijatembea sana".

FundiGerezani
Asante sana Kamau! Umenitoa machozi. Wiki iliyopita nimepandisha gari limetoka Uingereza, juu linang'aa kama bibi harusi, chini chesisi unaibonyeza kwa bisibisi inazama. Mabomba ya breki yamebaki jina. Hata ya Japani, ukiona limetoka Hokkaido lala chini uangalie kwanza. Mnatuuzia biskuti!

MzanzibariWaLeeds
Hebu yakhe, usitutie sote kapu moja. Mie gari langu nililiosha chini kila Jumapili, likakaguliwa, ndiyo nikamtumia binamu yangu Mbagala. Hajalalamika.

FundiGerezani
Binamu yako anafanya teksi?

MzanzibariWaLeeds
Anafanya. Kwa nini?

FundiGerezani
Rangi ya fedha, namba E?

MwanaTemeke_Minneapolis
Wakuu, mimi niliuliza habari ya barabara. Kesho naingia zamu saa kumi na moja alfajiri, nipite njia kuu au nisipite?

DerevaWaMasafa
Pita njia kuu, hiyo huwa wanaimwagia maji ya chumvi hata kabla theluji haijaanguka, barafu haishiki lami. Vichochoroni ndiko utakakoaga dunia. Acha nafasi mbele yako mara tatu ya kawaida. Na huyo dada wa Finland bado hajaleta namba.

DadaWaOulu
Bado nazitafuta, kaka. Endelea kuhesabu mtaroni.

MzanzibariWaLeeds
Fundi, rangi ya fedha ziko nyingi Dar. Kioo cha nyuma kina stika gani?

FundiGerezani
Yanga.

MzanzibariWaLeeds
Binamu yangu Simba damu. Silo.

FundiGerezani
Stika ameibandika abiria, nimemuuliza dereva sasa hivi, yupo hapa kakaa kwenye tairi. Anasema we ni kaka yake na simu zake hupokei.