Insha ya kuombea chuo imezidi maneno 162, tukate wapi?

Ndugu zangu, salaam. Shikamooni wakubwa.

Kijana wangu yuko darasa la 12, anaomba vyuo kupitia Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, hasa vya Marekani. Insha yake kuu ina maneno 812 na mwisho unaoruhusiwa ni 650. Kaibandika kwenye fomu, fomu imekataa kwenda mbele. Baba yake anasema kipande kilichozidi kihamishiwe kwenye sehemu ya maelezo ya ziada. Mimi nikiisoma sioni sentensi ya kutupa. Chuo anachokitaka zaidi kinafunga maombi ya mapema tarehe 1 Novemba, zimebaki siku nane. Aliyepita njia hii anishike mkono.

Mama wa darasa la 12

---

Dada, hongera kwa kumfikisha kijana hapo. Wanangu wawili wamepitia fomu hiyo hiyo, na wote wawili walizidisha.

Kwenye ile 650 hakuna afisa wa kumbembeleza. Inashikiliwa na mfumo wenyewe, neno la 651 halipiti. Chini yake mpaka ni 250.

Maelezo ya ziada msiyaguse kwa kazi hiyo, mwambie shemeji kwa heshima zote. Pale ni pa kueleza jambo ambalo fomu haikuuliza, kwa mfano mtoto aliyehamishwa shule katikati ya mwaka na masomo yake yakakatika. Tena tangu msimu ulioanza Agosti 2025 wamepapunguza kutoka maneno 650 hadi 300. Msomaji akikuta mkia wa insha huko, atajua tu kwamba mtoto aliambiwa kiasi akakipita.

Sasa insha yenyewe. Nimeisoma ulivyonitumia, na kijana ameridhia niizungumzie hapa. Aya ya kwanza ina maneno 118. Inaanza na kuzaliwa kwake, inashukuru wazazi, inataja ndoto aliyokuwa nayo tangu utotoni. Kisha, aya ya pili, ndipo anapotokea yule mtoto wa miaka 13 anayetengeneza simu ya jirani, skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi imemponyoka na kuzama kwenye zulia, naye anatambaa dakika 40 na tochi mdomoni akiitafuta. Dada, mimi niliacha kunywa chai nilipofika hapo. Insha inaanzia kwenye zulia. Yaliyo juu yake yote yanaweza kuondoka, na jina la shule na alama zake chuo wanazo tayari sehemu nyingine za fomu.

Baada ya skrubu kupatikana kuna sentensi inayosema kwamba katika kipindi hicho cha maisha yake alianza kutambua umuhimu mkubwa wa uvumilivu. Hiyo nayo itoke. Dakika 40 kwenye zulia zimeshasema.

Ukitoa aya ya kwanza zinabaki 694. Hizo 44 nyingine ni za kupembua: "sana", "kwa kweli", vivumishi viwili vinavyosema kitu kimoja.

Niseme na hili, unisamehe. Ile aya ya kwanza inasikika kama sauti ya mtu mzima, na inasikika kama iliwazwa kwa Kiswahili kisha ikatafsiriwa. Kwetu kuanza kwa mbali ni adabu, mtu haingii kwenye shida yake kabla ya salamu. Na lugha yetu inabana: "nilipomrudishia" ni neno moja, kwa Kiingereza unahitaji sita. Ukiwaza huku ukihamishia kule, hesabu inafura bila kuongeza jambo. Kwa hiyo mwache akate mwenyewe. Kisu kikishikwa na mzazi, kinachobaki ni alichokipenda mzazi.

Baba wa wawili

---

Shikamoo mama, shikamoo baba. Mimi niko mwaka wa pili chuoni, naongeza mawili.

Akate kwenye nakala, ile ndefu aiweke, kwa sababu vyuo vingi vina insha zao fupi juu ya hiyo kuu na kila kimoja kina kipimo chake. Stanford nilipoomba ilikuwa na maswali ya maneno 50 tu. Aya aliyoitoa huku inaweza kumfaa kule. Na kabla ya kutuma, fomu inamwonyesha PDF ya kila kitu. Aisome hiyo, siyo kisanduku. Mimi ndipo nilipoona aya zangu mbili zimeshikana.

Mwanafunzi

---

Marahaba mwanangu. Asante sana kaka, wala sina la kukusamehe. Ile aya ni yangu. Nilikuwa jikoni namtamkia, yeye anaandika, nikitaka wajue ametoka kwa watu wanaompenda.

Jana usiku alifunga mlango akabaki nayo mwenyewe. Imefika 638. Kanisomea kwa sauti, sasa inaanza na skrubu inaanguka. Mle ndani nimebaki kwa sentensi moja, namshikia tochi inapoanza kumchosha taya. Sikujua kwamba anaikumbuka.

Swali la mwisho: anaomba pia University of California, na huko anaambiwa ajibu maswali manne kati ya manane, kila jibu lisizidi maneno 350. Ile hadithi ya simu anaweza kuitumia tena?

Mama wa darasa la 12

---

Anaweza, dada. University of California wana fomu yao, haya ya Common App hawayaoni. Ila asiiminye ile 638 mpaka iingie kwenye 350. Achague swali moja, aanze upya, abaki na zulia na ile tochi uliyomshikia.

Baba wa wawili