Mjadala: Pride and Prejudice ya 1995 na ya 2005, ipi inajua thamani ya pauni?

Mtoa mada:
Wakuu, mada hii kila ikiibuka inaishia kwenye sura za watu: Colin Firth wa 1995 au Matthew Macfadyen wa 2005, nani Darcy halisi, yule tajiri mwenye kiburi anayempenda Elizabeth Bennet. Leo naomba sura tuziweke kando tuzungumze pesa, maana Jane Austen mwenyewe alianzia huko.

Kwa asiyeisoma riwaya (ilitoka 1813), kisa ni hiki. Mzee Bennet wa Longbourn ana pato la pauni 2,000 kwa mwaka. Ana mpishi, watumishi na gari la farasi. Si fukara hata kidogo. Lakini ana mabinti watano bila wa kiume, na mali yake imefungwa: hairithiwi ila na mwanamume wa ukoo. Siku akifumba macho, nyumba na ardhi vinakwenda kwa Collins, kasisi mwenye maneno mengi ambaye mabinti hawajapata hata kumwona. Mama Bennet anahaha kutafuta wachumba na wasomaji wanamcheka. Mimi simcheki. Nyumba nzima ndiye pekee anayepiga hesabu, mumewe kajifungia maktaba.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Nikitazama toleo lolote la kitabu hiki, je, ninaogopa kwamba Mzee Bennet anaweza kufa?

Tamthilia ya BBC ya 1995, sehemu sita, mwandishi Andrew Davies, inanitisha. Ina karibu saa tano na nusu, kwa hiyo Collins anapata nafasi ya kuwa kichekesho na hatari kwa pamoja. Kitabuni, anapomposa Elizabeth, mmoja wa wale mabinti watano, anamkumbusha kwamba fungu lake lote maishani ni pauni 1,000, tena atazipata mama yake akishafariki. Unacheka, halafu unagundua kwamba mpumbavu huyu hesabu zake hazina kosa. Elizabeth anamkataa akiwa hana pa kuegemea, na ukubwa wa kitendo kile unauona.

Filamu ya Joe Wright ya 2005 ni nzuri kwa macho, sibishi. Lakini chukua posa ya kwanza ya Darcy. Kitabuni inafanyika ndani, nyumbani kwa kasisi kule Hunsford, Darcy kaegemea meko, wote wawili wamebanwa na adabu za sebuleni huku wakitukanana. Wright kawapeleka Stourhead, chini ya nguzo za hekalu la bustani, mvua inanyesha, pua zinakaribia kugusana. Darcy anamwambia mwanamke kwamba ukoo wake ni aibu kwake, na mtazamaji anasubiri wabusiane! Matusi ya kitabaka yamegeuzwa kuwa ashiki. Mimi kura yangu 1995.

Mkaa Kijiweni:
Shati lililolowa. Mjadala ufungwe.

Pwani Tulivu:
Mkaa, hilo shati wengi mnalikumbuka vibaya. Watu wanaapa kwamba walimwona Firth akiibuka kutoka majini. Anaonekana akijitosa bwawani, kisha tunamkuta keshatoka, anatembea na shati limemganda, anakutana na Elizabeth uso kwa uso. Kuibuka kwenyewe mmekutengeneza vichwani. Tena kitabuni halimo bwawa wala shati, Darcy anarudi kwake siku moja kabla ya ilivyotarajiwa, basi.

Chungwa la Muheza:
Kaka mtoa mada, umepiga hesabu za wanaume ukamsahau Charlotte Lucas. Ana miaka 27, rafiki wa Elizabeth, naye ndiye anayemkubali Collins baada ya Elizabeth kumkataa. Filamu ya 2005 inamleta uani, Elizabeth yuko kwenye bembea, anapewa habari na uso unamkunjamana. Charlotte anamwambia bila kupepesa: nina miaka 27, sina pesa, sina matumaini, nimekuwa mzigo kwa wazazi wangu, na ninaogopa. Usinihukumu. Tukio halifiki hata dakika mbili. Hizo saa tano na nusu zako nionyeshe ni wapi mwanamke anatamka neno "ninaogopa" namna ile.

Halafu huyo Mama Bennet unayemtetea. Kwa Alison Steadman wa 1995 ni kelele mwanzo mwisho, kila akifungua mdomo natafuta rimoti nipunguze sauti. Ukitaka kujua kwa nini watu wanamcheka, sababu ni hiyo. Brenda Blethyn wa 2005 ana wakati mmoja Elizabeth anamuuliza kama hawazi kitu kingine zaidi ya ndoa, naye anamjibu kwa utulivu kwamba ukiwa na mabinti watano, uje uniambie utawaza nini kingine. Hapo ndipo mimi niliogopa kifo cha Mzee Bennet. Kwa kipimo chako mwenyewe, 2005 imeshinda.

Pwani Tulivu:
Mimi ni wa Unguja na mambo ya mirathi tumekulia ndani yake, nikajikuta napiga hesabu wakati nasoma. Chukulia Mzee Bennet ni Mwislamu na Collins ni ndugu wa upande wa baba, hakuna wa karibu zaidi. Mali igawe mafungu 24. Mke thumni yake, mafungu 3. Mabinti theluthi mbili, mafungu 16. Yanabaki 5 ya Collins kama asaba, yaani ndugu wa kiume anayechukua kinachobaki. Hatoki mikono mitupu lakini hawatupi nje wenye nyumba. Ingawa jumba lenyewe pengine lingeuzwa ili kila mtu ashike chake, na ugomvi wa hapo ungetosha riwaya nyingine.

Ninachotaka kusema: toleo lolote linalopita juu juu kwenye kanuni ya urithi linamwacha mtazamaji wa kwetu akijiuliza hawa watoto wanalia nini na baba yao ana ardhi. Ya 1995 inaeleza mapema na kurudia. Ya 2005 inaeleza, lakini ukiwa jikoni unaweka maji ya chai imekupita.

Mtoa mada:
Da Chungwa, maneno yale ya Charlotte ni mazito, lakini si ya Austen. Charlotte wa kitabuni halii wala hasemi anaogopa. Anasema yeye si mtu wa mapenzi, anataka nyumba yenye raha tu, na akipima tabia ya Collins na nafasi yake anaona bahati yake si mbaya kuliko ya wengine. Mwanamke mwenye akili anajipanga kuishi na mpumbavu maisha yote kwa sauti ile ile ambayo ungetumia kuchagua kitambaa dukani. Kwangu mimi ubaridi huo unatisha kuliko machozi. Filamu haikutuamini kwamba tungeelewa, ikaona bora iseme.

Na wale nguruwe! Wright kawajaza Longbourn mabata bukini, matope, na nguruwe anapitishwa ndani ya nyumba. Mama Bennet wa kitabuni anajigamba mbele ya Collins kwamba binti zake hawana shughuli yoyote jikoni. Ukiwafanya waonekane wakulima hohehahe, umeharibu hofu yenyewe. Aliyezoea matope haogopi matope. Kinachowatisha wale mabinti ni kuporomoka kutoka juu.

Chungwa la Muheza:
Nguruwe wana maelezo. Wright aliirudisha hadithi nyuma hadi miaka ya mwisho ya karne ya 18, Austen alipoanza kuiandika, na alitaka nyumba ya shamba ionekane ya shamba. Lakini sawa, nguruwe mchukue. Nitarudi, nina la kukuuliza kuhusu Darcy wako wa London.

Mtu wa Ngara:
Mnabishana Uingereza tu, na hapa Nairobi tuna hisa zetu. Gurinder Chadha, aliyeongoza Bride and Prejudice ya 2004, alizaliwa Nairobi mwaka 1960, familia ikahamia London. Aliitoa hadithi Hertfordshire akaipeleka Amritsar, India, Elizabeth akawa Lalita, ndiye Aishwarya Rai, na mabinti wakawa wanne badala ya watano. Nyimbo na ngoma juu.

Kuhusu pesa sasa. Kanuni ya urithi Chadha ameitupa. Mahali pake ameweka kitu ambacho sisi hatuhitaji kuelezwa: bwana harusi wa ng'ambo. Collins amekuwa Kholi, mhasibu wa Los Angeles, karudi nyumbani kutafuta mke, anasifu nyumba yake ya Marekani kama Collins wa kitabuni anavyomsifu Lady Catherine, mfadhili wake tajiri. Mama anasikia Marekani, macho yanamtoka. Ni nani hapa hajawahi kukaa kwenye kikao cha aina hiyo? Darcy naye ni mrithi wa mahoteli, na ugomvi wake na Lalita ni kwamba anataka India yenye bwawa la kuogelea na bila Wahindi. Huo ndio utabaka wa kitabu, umevalishwa nguo za leo, na kwangu umekolea kuliko hekalu la mvua na kuliko bwawa.

Inapoanguka ni kwa yule binti mdogo. Lydia wa kitabuni ana miaka 16 tu anapotoroka na Wickham, askari mwenye madeni, na anaozwa kwake kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kusitiri ukoo. Darcy analipa madeni ya yule bwana, anamwongezea binti pauni 1,000, anamnunulia Wickham cheo jeshini. Mtoto kafungwa maisha na tapeli na watu wanashukuru. Chadha anamwokoa Lakhi, ndiye Lydia wake, mapema, ngumi zinapigwa ndani ya ukumbi wa sinema, binti anarudi nyumbani salama. Inafurahisha, lakini bei ya kitabu haijalipwa.

Mkaa Kijiweni:
Ile ya zamani ya Laurence Olivier mbona hamuitaji? Nimeiona, nusu nililala.

Pwani Tulivu:
Ya 1940, Greer Garson na magauni makubwa ya miaka ya mbele kuliko hadithi. Ilipata Oscar ya mandhari. Kwa mada hii haina kazi: Lady Catherine, shangazi wa Darcy mwenye kiburi aliyekuja kumtisha Elizabeth, mwishoni amefanywa bibi mwema anayempima tu kama anafaa kwa mpwa wake. Ukimwondolea yule mama ukali, utabaka wote umekwisha.

Chungwa la Muheza:
Nimerudi. Mtoa mada unaisifu 1995 kwa pesa, lakini angalia Davies alitumia zile saa za ziada kufanya nini. Darcy anaoga. Darcy anacheza upanga. Darcy yuko bwawani. Darcy anazunguka vichochoro vya London akimtafuta Lydia. Kitabuni hatuoni hata moja. Austen anatufungia ndani ya kichwa cha Elizabeth, na habari ya Darcy kulipa tunaipata pamoja naye, kwanza Lydia anaropoka, kisha barua ya shangazi Gardiner inaeleza hesabu. Davies ametuambia kabla yake. Wewe unaita hiyo kuonyesha pesa, mimi naita kututongozea Darcy. Mahaba ya shati yalianzia kwako, wala si kwa Wright. Wright ametunza siri: Lydia anaropoka mezani, Elizabeth anashtuka, na mimi nashtuka naye.

Tena wa Uingereza walioneshwa filamu inayomalizikia kwa Donald Sutherland, ndiye Mzee Bennet. Amemruhusu Elizabeth aolewe, amebaki peke yake, anasema kama kuna kijana amekuja kwa ajili ya Mary au Kitty basi apitishwe, yeye ana nafasi. Wale wa kubusiana usiku mbele ya Pemberley, jumba la Darcy, ni mwisho ulioongezwa kwa Wamarekani. Tazama ule wa Uingereza. Mabinti wawili bado wako nyumbani, Collins bado ndiye mrithi, na baba bado anafanya mzaha.

Mtoa mada:
Huo mzaha Austen ndiye aliyeuandika. Kuhusu siri nakupa, Davies anaivunja. Lakini bila vile vichochoro, kwa mtazamaji ambaye hajasoma, wema wa Darcy ni sentensi moja mezani. Pale anaonekana akishuka hadi kwa watu anaowadharau, kwenda kujadili bei ya binti wa miaka 16 na mtu aliyewahi kujaribu kumtorosha dada yake kwa ajili ya pauni 30,000. Hilo nataka nilione, hata kama Elizabeth halioni.

Na Mary na Kitty wana shemeji, Darcy, wa pauni 10,000 kwa mwaka. Hawalali njaa.

Chungwa la Muheza:
Watakula kwa hisani ya shemeji, kwenye nyumba ya dada. Ndicho Charlotte alichokuwa anakikimbia, kaka.