Mtekaji ndege wa 1971: alitoka vipi, na alifika chini mzima?

MwanaShela, Lamu
Jamani, huyu aliyekata tiketi kwa jina la Dan Cooper, akateka Boeing 727 ya Northwest Orient tarehe 24 Novemba 1971, akapewa dola 200,000 na parachuti nne pale Seattle, Marekani, kisha ndege ikapaa tena akaruka na pesa. Mlango ulifungukaje angani? Na pesa zilizookotwa mtoni zinathibitisha kwamba alikufa?

FundiBarani, Malindi
727 za wakati ule zina ngazi chini ya mkia, na hapakuwa na kifungio cha kuizuia isishushwe ndege ikiwa hewani. Kizuizi pekee ni hewa iliyoshindiliwa ndani ya kabini. Ndiyo maana aliagiza isishindiliwe, ndege isipande zaidi ya futi 10,000, magurudumu yabaki nje na flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zishushwe nyuzi 15. Huyo ndege hiyo anaijua. Alipotoka ngazini, ngazi ilirudi juu kwa kishindo. Marubani waliusikia mtikisiko mnamo saa 2:13 usiku. Baadaye 727 zilifungwa kibati nje ambacho upepo hukigeuza kikaikaba ngazi.

Kwenye parachuti hakuwa makini hivyo. Moja ya akiba ilikuwa ya mafunzo, imeshonwa, haifunguki. Ya akiba iliyokuwa nzima aliikata kamba akafungia mfuko wa pesa. Kwa hiyo ile ya mgongoni ikigoma, kwisha.

Baharia_Mkomani, Lamu
Lakini kuruka peke yake hakuui, ndugu yangu. Richard McCoy aliruka kutoka 727 nyingine Aprili 1972 na dola 500,000, usiku vilevile, akatua mzima Utah. Alikamatwa baada ya siku mbili.

MtuWaSabaki, Malindi
MwanaShela, pesa hazithibitishi kifo. Februari 1980 mtoto alifukua dola 5,800 kwenye mchanga wa Tena Bar, kando ya mto Columbia, namba za noti zikalingana na za fidia. Wengi walidhani Cooper aliangukia bonde la mto Lewis. Tatizo ni kwamba Lewis unaingia Columbia chini ya Tena Bar, upande maji yanakoelekea. Kilichoangukia mdomoni mwa Sabaki hukitafuti Baricho, kule juu ya mto! Mto Washougal ndio unaoingia juu ya Tena Bar, huo nauacha mezani.

Halafu raba za kufungia noti zilikuwa bado zipo, na raba ikikaa nje haimalizi mwaka. Uchunguzi wa 2020 ulikuta kwenye noti daiatomu (viumbe vidogo mno vya majini) zinazostawi joto linapoanza, si za Novemba. Maana yake pesa ziliingia majini miezi kadhaa baada ya yeye kuruka. Anayeshikilia kwamba alizama usiku ule na mfuko wake aeleze kwanza zilikuwa wapi muda wote huo, na vipi vibunda vitatu vya noti hizo vilitoka pamoja kwenye mfuko uliofungwa kwa kamba za parachuti.