Ganzi ya mikono baada ya kuzamia: nilale nione, niende hospitali hapa Malindi, au nishuke Mombasa usiku huu?

BintiMambrui
Assalaam aleikum wenzangu. Leo nimezamia mara mbili nje ya miamba ya hifadhi ya bahari hapa Malindi, ya kwanza mita 24, ya pili mita 17. Kaskazi imetulia, maji safi. Nilitoka majini saa tano asubuhi na kompyuta ya kuzamia ninayovaa mkononi haikutoa onyo lolote. Ilipofika saa saba nikaanza kuhisi vijisindano mikono yote miwili, toka viwikoni hadi vidoleni. Hakuna maumivu, ila sasa ni magharibi na havijaondoka. Kesho saa nne asubuhi nina ndege ya Nairobi. Kila mtu hapa nyumbani ana lake: lala uone kesho, ghairi ndege upande basi, nenda hospitali ya hapa, shuka Mombasa kwenye chemba ya presha, kile chumba cha kutibia wazamiaji. Nisaidieni kuzipima.

Mwongozaji_Watamu
Waaleikum salaam dada, pole. Ganzi ina sababu nyingi. Suti ikibana makwapa au viganja, mkono hufa ganzi, lakini ukiivua damu inarudi. Kubeba mtungi vibaya au kukunja shingo muda wote chini kunaweza kubana mshipa wa fahamu, na mara nyingi huwa mkono mmoja. Yavuyavu huacha alama na kuwasha papo hapo. Yako ni mikono miwili, imeanza ukiwa nchi kavu, na saa zimepita. Mimi wageni wangu wakiniambia hivyo nahesabu ni ugonjwa wa mgandamizo, yaani viputo vya gesi mwilini baada ya kupanda kutoka chini, mpaka daktari akatae. Na hiyo kompyuta inapiga hesabu ya kina na muda tu. Haijui kama ulikunywa maji ya kutosha wala mwili wako ukoje. Watu wamepatwa bila kuvuka mipaka yake.

Kwa hiyo "lala uone" mimi naitoa kabisa.

Juma_wa_Sabaki
Dada usiogope, vijisindano vidogo tu hivyo. Wazee waliozamia jongoo bahari walikuwa wakipata ganzi wanarudi chini mita kumi kidogo, inapotea. Basi la Nairobi nalo ni salama, halipai angani.

Muuguzi_Kilifi
Kaka Juma, najua nia yako ni njema, lakini hayo mawili yanaweza kumlemaza. Ganzi inapotea kule chini kwa sababu presha inabana viputo vya naitrojeni. Naye akiwa chini anavuta hewa, kwa hiyo anaongeza naitrojeni nyingine, na akipanda viputo vinarudi kwa nguvu zaidi. Akipoteza fahamu chini je? Tafadhali msimpe mtu ushauri huo.

Basi la Nairobi nalo linapanda. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa inavyopungua uzito, viputo vinakua, uwe kwenye kiti cha basi, treni au ndege.

BintiMambrui mdogo wangu, jambo ninaloliogopa ni uti wa mgongo. Ganzi ya pande zote mbili inaweza kutoka huko. Jaribu sasa hivi, mtu akiwa karibu yako: simama miguu pamoja, fumba macho, unayumba? Tembea kisigino kikigusa vidole kwenye mstari wa vigae. Je, mkojo unatoka kama kawaida? Kimoja kikikataa, usingoje jibu langu.

Hata ukifaulu vyote, nenda hospitali hapo mjini usiku huu. Omba oksijeni kwa barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika. Ule mpira mdogo wa puani hautoshi. Lala chali, kunywa maji kama hutapiki. Hakuna kukandwa, hakuna pombe. Mwambie daktari kina, muda na saa ya kutoka majini, maana wengi hawaoni wagonjwa hawa kila siku na wanaweza kukuandikia dawa ya maumivu ukaenda zako.

BintiMambrui
Nimesimama sawa, nimetembea sawa, mkojo sawa alhamdulillahi. Lakini ndege je? Nilifundishwa ukizamia mara kadhaa ungoje saa 18. Kesho saa nne zitakuwa 23.

Mwongozaji_Watamu
Saa 18 ni za mzamiaji asiye na dalili yoyote. Mwenye dalili hahesabu saa, anangoja ruhusa ya daktari. Ghairi ndege leo.

Shela_Baharini
Niongeze ya Mombasa, maana sisi wa Lamu ndiyo tunayoiwaza zaidi: kwetu ni boti hadi Mokowe kwanza. Wewe una bahati, ni kama kilomita 120 za lami kandokando ya pwani, hupandi mlima wowote. Chemba ni ya Jeshi la Wanamaji, Mtongwe, yaani ng'ambo ya Likoni: feri, au mzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Usiende ukabisha hodi langoni. Daktari wa Malindi apige simu kwanza, ajue inafanya kazi na inapokea mgonjwa. Pia pigeni simu ya dharura ya Divers Alert Network, shirika la kusaidia wazamiaji, wanapokea usiku na mchana hata kama si mwanachama, na daktari wao anaweza kuzungumza na wako.

Kwangu mimi hospitali na Mombasa si za kuchagua moja. Oksijeni inaanza Malindi, na inaendelea kwenye gari ukisafirishwa.

Muuguzi_Kilifi
Hapo ndipo penyewe. Na vijisindano vikitulia kwa oksijeni, msigeuze gari. Nafuu hiyo inaweza kuwa ya muda, barakoa ikitoka vinarudi. Uamuzi wa chemba ni wa daktari wa wazamiaji. Matibabu ya kawaida ni presha sawa na mita 18 chini ya maji, unavuta oksijeni kwa vipindi, karibu saa tano.

BintiMambrui
Kaka yangu ametoa gari. Tuko njiani hospitalini, nimeandika kina na saa kwenye karatasi. Ndege nimeghairi.

Juma_wa_Sabaki
Muuguzi, nimekuelewa, ahsante. Nina binamu wanaozamia jongoo Kipini, nitawapigia kuhusu hilo la kurudi chini. Oksijeni ya kuweka kwenye boti inapatikana wapi?

Mwongozaji_Watamu
Kaka, nitumie ujumbe. Mtungi peke yake hautoshi, lazima kuwe na barakoa inayofaa na mtu aliyefundishwa kuitumia. Nitakuonyesha yetu ilivyo.