Mjadala: TMA wakitoa tahadhari, mvuvi mdogo azuiwe kwenda baharini?

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa kusi ukiingia hoja hii hurudi: siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) imetangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, vyombo vidogo vya uvuvi vipigwe marufuku kutoka, na atakayekaidi atozwe faini. Wanaoitetea wana sababu nzito, na wapo miongoni mwao waliopoteza ndugu baharini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Chombo cha abiria kizuiwe, tena bila kubembelezana. Mvuvi wa ngalawa au mashua asizuiwe, isipokuwa tahadhari ikiwa ya ngazi ya juu kabisa.

Kuhusu abiria sina maneno mengi. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar kwenda Unguja, bahari ikiwa imechafuka. Aliyekata tiketi hana uwezo wa kupima wimbi wala sauti ya kumwambia nahodha tugeuze. Mwenye meli anaangalia nauli. Hapo lazima serikali ifunge geti.

Mvuvi ni habari nyingine. Hebu tulisome tangazo lenyewe, lile linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Angalizo, yaani tahadhari ya ngazi ya chini, la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kisha maeneo: Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Uwezekano wa kutokea, wastani. Kiwango cha athari, wastani. Yaani bahari yote kutoka mpaka wa Kenya hadi Mto Ruvuma imeingia kwenye sentensi moja. Sasa mchukue mvuvi wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, anayetega upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe. Kusi ikivuma, mawimbi makubwa yanavunjikia nje, yeye yuko kwenye maji ambayo ngalawa inayamudu. Mwenzake wa Mangapwani, pwani ya magharibi, amekingwa na kisiwa kizima. Aliye nje ya mwamba upande wa Makunduchi, huyo ndiye mwenye hatari. Marufuku moja inawafunga wote watatu.

Siwalaumu TMA. Modeli za bahari za dunia, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri bahari, zinagawa maji kwa miraba. Ile ya Mercator Ocean, taasisi ya Toulouse, Ufaransa, inayoendesha huduma ya bahari ya Copernicus ya Umoja wa Ulaya na kutoa takwimu zake bure kwa kila anayejisajili, ina miraba ya karibu kilomita 9 kila upande. Chumbe nzima pamoja na maji yanayoizunguka inaingia kwenye mraba mmoja na nafasi inabaki, na mraba ule unatoa namba moja. Na namba yenyewe inahitaji kusomwa kwa uangalifu: kimo cha wimbi katika utabiri kwa kawaida ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Ukiona mita 2, wimbi mojamoja linaweza kukaribia mita 4. Upepo ukikutana na maji ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) yanayotoka kinyume chake, wimbi linafupika na kusimama. Nahodha anayajua haya kwa mwili wake. Afisa anayefunga diko, yaani bandari ndogo ya wavuvi, kwa kusoma ujumbe wa simu, je?

Unaweza kuichora modeli ya miraba midogo zaidi, lakini bila kifaa cha kupima kilichomo baharini hutajua kama umepatia. Upande wetu umechelewa kupata vifaa. Boya za kupimia za Pasifiki zilikamilika 1994. Mtandao wa Bahari ya Hindi uitwao RAMA ulianza miaka ya 2000, na sehemu ya magharibi ikacheleweshwa na maharamia wa Somalia. Vifaa vya Argo vinavyoelea, karibu 4,000 duniani kote, vinazama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10 hivi. Ni kazi kubwa, ila ni ya bahari kuu. Kwenye mlango wa maji kati ya Dar na Unguja haviwezi kufanya kazi hiyo, kina chake ni kidogo mno.

Wapo watakaosema basi tuwaachie wazee, walisoma nyota na mawingu na wakarudi salama. Hapo nao nawapinga. Kimbunga kilichoipiga Unguja na kung'oa mikarafuu kilikuwa cha Aprili 1872. Cha Lindi kilikuwa Aprili 1952. Hidaya ikafika Mafia Mei 2024. Jambo linalokuja kwa nafasi ya vizazi hakuna mzee anayeweza kukurithisha dalili zake. Hidaya ilifuatiliwa siku kadhaa kabla, na kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha Réunion ndicho chenye dhamana ya kufuatilia vimbunga vya eneo letu, huku TMA wakitoa taarifa mfululizo. Hapo ndipo marufuku ina maana: kimbunga kimepewa jina, kila chombo kivutwe juu. Na tusirudie kejeli za Aprili 2021, kimbunga Jobo kilipodhoofika kabla ya kufika nchi kavu na watu wakasema TMA wametudanganya. Tahadhari ambayo haikutimia si uongo.

Ila kinachonisumbua zaidi kuhusu marufuku ya kila angalizo ni hiki. Mvuvi mwenye deni la mafuta na watoto nyumbani hatabaki. Atatoka saa nane usiku, kwenye ufukwe usio na diko, hakumuaga mtu, taa imezimwa asionekane na doria. Leo akichelewa kurudi, mkuu wa diko anajua nani hayupo, alitoka saa ngapi na alielekea wapi, na wenzake wanakwenda kumtafuta. Chini ya marufuku, ndugu zake wataogopa hata kutoa taarifa, kwa sababu kukiri kwamba alitoka ni kukiri kosa. Tutakuwa tumempoteza mara mbili. Na faini tunajua itaishia wapi: mwenye elfu kumi mkononi ataruhusiwa.

Ninachotaka badala yake ni utabiri wa upande kwa upande na wa saa kwa saa, ubandikwe dikoni na usomwe kwa sauti kabla vyombo havijatoka. Pesa za doria zinunue boya za kupima mawimbi kwenye milango yetu ya maji. Na manahodha wapewe namba ya kupiga wakirudi, waseme walichokuta, ili watabiri wasahihishe.

Wanaotaka marufuku, nijibuni hilo la mvuvi anayejificha, kwa sababu sijaona aliyeligusa. Na manahodha wa Mafia na Kilwa mliomo humu: taarifa ya Hidaya iliwafikia lini, kwa njia gani, na nani alibaki nje?