Ukoo wetu Tukuyu na Mjini: Bupe karudi chuo

Mama Lusajo: Habari za asubuhi ukoo. Bupe ameanza kazi leo pale chuo alichosomea, ni mkufunzi sasa, mpeni hongera

Ba'mdogo Gwamaka: Ndaga fijo kwa taarifa. Ila sijaelewa, mtu una kazi yako hospitali unaiacha unaenda kuhangaika na watoto wa chuo?? Au kuna kitu hatujaambiwa

Anko wa Uyole: 😂😂 Gwamaka keshaanza

Bupe: Shikamoo ba'mdogo. Uuguzi sijaacha, leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga nahuisha kama kawaida. Ni hivi, kule Makete nilikuwa leba, wanafunzi wanaletwa mazoezi, mtu patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, anakuelezea yote, mapigo ya mtoto 110 hadi 160 kwa dakika, unasikiliza kila nusu saa, anatiririka tu, sasa mwambie haya mama huyu hapa shika fetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, anaiweka juu ya kitovu wakati mtoto kichwa kiko chini, anahangaika nayo weee mpaka mama mwenyewe anamwonyesha pa kuweka

Mama Lusajo: 😂😂😂 mama mwenyewe jamani

Bupe: Tena uzazi wa tano huyo, anajua! Na wala siwalaumu, wanajazana kwa mgonjwa mmoja, kugusa zamu yako inafika saa ngapi, na sisi manesi kazi ikibana tunawaambia we kaa pembeni kwanza. Anamaliza chuo kitabu cha mazoezi kimejaa sahihi, mikono haijui kitu

Lusajo: Kwani da Bupe diploma inatosha kufundisha?

Bupe: Ndo maana nilipotea humu, nilienda digrii. GPA ya diploma ilivuka 3.0 nikaombea hiyohiyo, form six sikupita. Nyie mkatangaza nimeolewa Mbozi

Anko wa Uyole: Hiyo ya Mbozi muulizeni shangazi yenu 🙈

Ba'mdogo Gwamaka: Na mshahara?

Bupe: Hilo njoo inbox ba'mdogo 😂

Ba'mdogo Gwamaka: Haya. Ila wafundishe na lugha, siku ile usiku nimempeleka mama mahali, nesi hata kutuangalia hakutuangalia

Bupe: Pole kwa hilo, simtetei. Ila usiku mara nyingi nesi ni mmoja na wodi nzima, mi mwenyewe nimewahi kujibu watu vibaya ikifika alfajiri. Hiyo nitaifundishia wodini, darasani kila mtu ni mpole

Neema: Shikamooni wote. Da Bupe mi form four nina baiolojia C, kemia D, fizikia D, naweza diploma?

Bupe: Marahaba. Unaweza, wanataka ufaulu masomo manne yasiyo ya dini na hayo matatu yawemo, ni miaka 3. Unaomba kwa mfumo wa NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, akitokea mtu huko Mwanjelwa anasema ana nafasi mkononi mpe hela, kimbia

Neema: Asante dada. Fetoskopu ninunue kabisa?

Bupe: Wewe!! 😂 Nafasi kwanza. Nitumie matokeo yote inbox nione hilo somo la nne

Bibi Tukuyu: 🎤 0:48

Lusajo: Bibi anauliza huyo mkufunzi anakuja lini kumpima presha, na aje na sukari