Naombeni ushauri: Mzee wangu (miaka 67) anataka kuingia Roma kwa miguu

binti_kibosho:
Wakuu, habari za saa hizi. Shikamooni mnaostahili.

Mimi nasoma Padova, Italia, mwaka wa pili. Baba yangu anakuja mwishoni mwa Agosti kutoka Moshi, viza yake ni ya siku 30. Ni mwalimu mstaafu, Mkatoliki wa misa ya alfajiri. Nilipomwambia kwenye simu kwamba nitampeleka Roma kwa treni alinyamaza, halafu akauliza: "Kwani mahujaji wa zamani walifikaje?" Kosa langu nikamtajia Via Francigena, ile njia ambayo Askofu Mkuu Sigeric wa Canterbury aliandika vituo vyake mwaka 990 akirudi kutoka Roma. Tangu siku hiyo hana habari nyingine. Ameshawatangazia jumuiya nzima.

Nina siku sita au saba za kutembea, na nimebaki na njia mbili kichwani:

A: mkoa wa Toscana: San Gimignano, Monteriggioni, Siena, mpaka San Quirico d'Orcia, halafu tupande gari hadi Roma.
B: Viterbo hadi Vatikani, kama kilomita 100 na ushei, siku tano.

Mzee ana pumzi, milima ya Kibosho ndiyo barabara yake ya kila siku. Tatizo ni goti la kushoto, linamsumbua akishuka. Tatizo la pili ni kwamba anasema atatembea na kobazi zake za tairi. Bajeti ni ya mwanafunzi, msinicheke.

Tuchukue ipi? Na wiki ya kwanza ya Septemba jua linakuwaje? Naomba kuwasilisha.

mlezi_wa_Tuscia:
Binti, marahaba. Mimi nipo mkoa wa Viterbo mwaka wa kumi na moja sasa, natunza wazee, kwa hiyo magoti nayajua na njia naijua.

Chukua B, na sababu umeiandika mwenyewe: mzee anataka *kuingia Roma kwa miguu*. Ukimtembeza siku nne Toscana halafu ukamwingiza mjini kwa gari, umempa matembezi mazuri lakini siyo alichoomba.

Ila usianzie Viterbo. Anzieni Montefiascone, siku moja nyuma, na hiyo iwe siku ya majaribio. Ni kilomita kama 18. Mji uko juu, kama mita 600, ziwa la Bolsena mnaliona lote chini, halafu njia inateremka polepole, bila ngazi wala makorongo. Sehemu kadhaa mtakanyaga mawe yenyewe ya barabara ya Kirumi, yale makubwa meusi ya volkano, yamelainika kama mgongo wa kobe. Kabla ya Viterbo, karibu kabisa na njia, kuna mabwawa ya maji moto ya Bagnaccio. Mwache aloweke hilo goti nusu saa. Jioni mkifika Viterbo mtakuwa mmepata jibu: likikubali mnaendelea, likigoma treni ya Roma ipo na hamjapoteza kitu.

Viterbo mpeleke kwenye jumba la mapapa. Pale ndipo makardinali walipokaa toka 1268 hadi 1271 wakishindwa kuchagua papa, mpaka wenyeji wakawafungia, wakawapunguzia chakula na kung'oa paa. Mwalimu mstaafu atacheka hapo, nakuhakikishia. Anajua dawa ya darasa korofi.

Jua la Septemba mwanzoni bado kali. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana muwe mmefika. Msimu wa uwindaji unafunguliwa Jumapili ya tatu ya mwezi huo, kwa hiyo ninyi mtakuwa mmeshapita. Atakayetembea baadaye avae rangi inayoonekana. Jumanne na Ijumaa wawindaji hawaruhusiwi.

mkenya_bolo:
Hapana, hapana. Msimnyime mzee Toscana! Mimi nilitembea hiyo A. Unatoka San Gimignano na ile minara yake, wanasema ilikuwa 72, imebaki 14. Kesho yake unaona Monteriggioni juu ya kilima, ukuta wa duara na minara kumi na minne juu yake. Mshairi Dante aliifananisha na majitu yaliyosimama shimoni. Ndani ni kijiji kidogo hata huwezi kupotea ukitaka. Halafu Siena unaingia kwa mguu kupitia lango la zamani. Hiyo B siku nyingine ni mashamba na lami tu.

Lakini nikuwe mkweli: San Gimignano hadi Monteriggioni ni kilomita 31 kwa siku, panda shuka, panda shuka. Na ukitoka Siena kwenda kusini, ule udongo wa mfinyanzi hauna hata mti mmoja wa kujificha. Kivuli nilichopata kwa saa mbili kilikuwa cha nguzo ya stima. Mvua ikinyesha ndio balaa, kila kiatu kinabeba kilo mbili za matope.

kidume_cha_mpakani:
Treni ipo, basi lipo, halafu unamtembeza mzee wa watu kilomita mia? Alikukosea nini huyo baba?

binti_kibosho:
@kidume_cha_mpakani mkuu, wazo ni lake. Mimi ndiye ninayeonewa hapa 😂

@mkenya_bolo kilomita 31 umenimaliza. Asante kwa ukweli.

sista_njiani:
Tumsifu Yesu Kristo. Niliitembea Viterbo–Roma na masista wenzangu wawili wakati tunasoma Roma.

Kwanza, chukueni *credenziale*, kile kijitabu cha hujaji, kabla ya kuanza. Bila hicho nyumba nyingi za watawa na za parokia hazikupokei, au zinakupokea kwa bei ya mtalii. Ukiwa nacho kuna mahali unatoa sadaka kadiri ya uwezo wako, na mahali pengine bei ni ndogo kuliko hoteli yoyote. Kila mnapolala, na hata kwenye baa, ombeni muhuri. Mkifika Vatikani mnaonyesha mihuri, na aliyetembea kilomita 100 za mwisho anapewa *Testimonium*, cheti kile. Najua wazee wetu na vyeti.

Pili, pigeni simu siku moja au mbili kabla. Msitokee tu mlangoni saa mbili usiku. Pasipoti ya baba iwe halisi, siyo kivuli, maana kila nyumba inaandikisha wageni. Chakula cha mchana kinaisha kama saa nane na nusu, na jikoni hakufunguliwi tena mpaka saa moja na nusu jioni. Duka la kijijini nalo hufunga mchana. Bebeni mkate, jibini na matunda, maji mnajaza kwenye mabomba ya vijijini. Palipoandikwa *non potabile*, msinywe.

Na Sutri msipite mbio. Uwanja wa michezo wa Kirumi pale haukujengwa, umechongwa wote ndani ya mwamba, ngazi, viti, milango, kama mtu alivyochonga kinu. Kando ya barabara kuna makaburi zaidi ya 60 yaliyotobolewa kwenye mwamba huohuo. Kuna kanisa dogo la Madonna del Parto ambalo kabla ya kuwa kanisa lilikuwa pango la ibada ya Mithra, mungu wa enzi za Warumi. Ulizieni siku za kufunguliwa, siyo kila siku.

nesi_mstaafu_dsm:
Mimi Italia sijafika, miguu ndiyo kazi yangu ya miaka thelathini. Kobazi hapana. Siyo kwa sababu ni mbaya, ila hazina kisigino cha kuzuia mguu, akishuka mguu unateleza mbele na goti linalipa. Anunue viatu sasa hivi huko Moshi, mtumba mzuri unatosha, vizidi nusu namba, na atembee navyo mwezi mzima kwenda shambani na kanisani. Kiatu kipya safarini ni malengelenge siku ya kwanza. Fimbo mbili, siyo moja. Soksi za pamba akavalie nyumbani, zikiloa jasho zinachubua. Na kama anatumia dawa za presha, zisikae kwenye begi la kupakia ndege, abebe mkononi.

mlezi_wa_Tuscia:
Nimesahau siku ya mwisho. Kutoka La Storta kuingia Roma, mwanzo mnatembea pembeni mwa barabara ya Cassia, magari yanapita kwa kasi na sehemu nyingine hakuna hata pa kuweka mguu. Wengi wanaruka kipande hicho kwa treni ya mjini. Sista, unisamehe, lakini mimi ningempandisha mzee vituo vichache halafu tushuke karibu na Monte Mario. Mtapanda kile kilima kwa miguu, na kule juu ndipo kuba la Mtakatifu Petro linatokea lote mara moja. Mahujaji wa zamani walikiita kilima cha furaha.

sista_njiani:
Sikusamehe 😄 Ila kwa mzee, sawa. Cheti kiangalieni vizuri tu: mkianzia Montefiascone hesabu ya kilomita haiwasumbui.

binti_kibosho:
Nimeamua: Montefiascone, siku sita, na viatu. Kobazi tumekubaliana zitakuwa za jioni. Asanteni sana, nitaleta mrejesho.

binti_kibosho (MREJESHO):
Tumefika jana wakuu.

Siku ya majaribio goti lilikubali. Kwenye maji moto alikataa kuvua shati mbele ya watu, akakunja suruali akakaa ukingoni kama anavua samaki. Kutoka Viterbo ile barabara ya Waetruska, watu wa huku kabla ya Warumi, iliyokatwa ndani ya mwamba, kuta juu yetu pande zote mbili, alipita kimya akigusa ukuta kwa fimbo.

Baada ya Vetralla ni mashamba ya *nocciole* saa nzima baada ya nyingine, zile njugu za kwenye Nutella. Walikuwa wanavuna, mashine inafyonza ardhini na kutimua vumbi jeupe, sisi tunatoka kama tumepakwa unga. Mwenye shamba mmoja alimjazia baba mfuko wa koti. Koti, ndiyo. Nilikuwa nashangaa begi lake zito linabeba nini. Sutri alikaa kwenye ngazi za ule uwanja dakika arobaini, akaniuliza waliochonga walilipwa kwa siku au kwa kipande.

Goti lilileta ubishi siku ya kwenda Campagnano, tukalala hapo siku mbili. La Storta tulipanda treni, samahani Sista. Kule Monte Mario, kabla hata hajaliangalia kuba, alienda nyuma ya mti. Akarudi na shati jeupe, tai, na lile koti lenye vumbi la nocciole.

nesi_mstaafu_dsm:
Na miguuni?

binti_kibosho:
Kobazi, mama. Alizipiga kiwi.